Kinga ya Moteur Mbili

Juzi tumemuzika Ngabu. Kwenye matanga yake nilikaa chini ya bâche, turubai ya buluu waliyofunga kati ya nyumba na jiko, pamoja na wamama wengine, tunachagua muchele. Nyuma yetu vijana walikuwa wanacheza karata, na kama kawaida ya vijana, maneno yao ilikuwa mingi kuliko machozi yao. Mumoja akasema, "Huyu muzee njo alijengaka kinga ya moteur mbili." Kinga, kwetu, ni baiskeli, na moteur ni mashine ya kuizungusha. Mwenzake akacheka, "Eh! Ile yenye ilikuwa inavutana yenyewe kwa yenyewe?" "Njo ile! Ya mbele inataka Bunia, ya nyuma inataka kurudi Kasenyi." Wakacheka mupaka karata zikaanguka. Halafu mwingine, sauti ya chini: "Lakini ile kinga iliua mutu. Muzee Ngabu alikuwa na tamaa, alipakia samaki kupita kipimo, mwenzake akapasuka moyo." Niliweka lungo chini. Sikugeuka. Mwanamuke wa umri wangu hagombani na watoto kwenye matanga ya mutu. Nilimaliza muchele, nikanawa mikono, nikarudi nyumbani, na tangu siku ile naandika. Nilisoma mupaka ya tano primaire, ingine nilifundishwa na Biblia. Herufi zikipinda, muzisome hivyo hivyo. Huyo mwenzake aliyepasuka moyo alikuwa bwana yangu, Kasereka. Na Ngabu hakuwa na tamaa.

Walikuwa wasukumaji wa samaki. Watoto wa sasa wanaona pikipiki kila mahali, hawajui tena kazi ile. Samaki mubichi inatoka ziwani, Kasenyi, asubuhi; Bunia inataka kuila magaribi; katikati kuna mulima. Kinga, baiskeli ile nzito ya chuma, inafungwa kikapu huku na kikapu huku, kingine juu ya kiti cha nyuma, majani ya ndizi yenye maji juu ya yote, na hakuna mutu anaipanda. Inasukumwa. Wa mbele anashika usukani, wa nyuma anaweka bega kwenye kikapu. Wa mbele anatakiwa awe mwepesi, mwenye macho. Hakokoti, anaongoza tu. Wa nyuma ndiye nguvu. Na walikuwa na sheria moja, kubwa kuliko ya serikali: muzigo ikianza kupanda, hairudi chini. Ikikushinda unatia jiwe nyuma ya gurudumu, unapumua, unaendelea. Maana watu waliogeuza kinga pale mulimani, fre, breki zao, haikuwasikiliza, muzigo iliwapita na kuwakokota mupaka bondeni, na wengine walizikwa hivyo. Kwa hiyo hata neno lenyewe lilikuwa mwiko. Musukumaji akisema tu "turudi," wenzake walitema mate chini na kumuacha atembee peke yake.

Kasereka alikuwa wa nyuma, Ngabu wa mbele. Bwana yangu alikuwa na kifua kama mulango wa kanisa. Ngabu alikuwa mwembamba, mwenye kucheka, meno ya juu imeachana. Ngabu alikuwa mutu wa vijiji vya ule mulima, na huko juu lugha yake ndiyo ilikuwa karatasi yao ya njia. Siye ni watu wa kutoka Butembo, tulikuya kwa ajili ya biashara. Askari wa barrière ya chini, wenye kufunga njia kwa kamba, walimujua Kasereka na mikono yake, lakini Ngabu walimuangalia kama mutu mwenye kuficha kitu. Mumoja bila mwenzake hakupita. Wakati wa vita walipotezana. Ngabu alikimbilia ngambo ya ziwa, siye tulikimbia Komanda, halafu Mambasa, tukarudi tumekonda. Siku walipoonana tena, mbele ya duka la chumvi, hawakukumbatiana. Ngabu aliuliza, "Kinga yetu iko wapi?" Kasereka akasema, "Baliiba." "Na weye bakakuacha? Kumbe wezi wajinga." Kesho yake walikuwa mulimani na kinga ya kuazima. Hiyo ndiyo ilikuwa amani kwangu, si ile ya redio. Ya redio ilikuwa amani ya kulala na viatu. Magari meupe ya walinda amani ilipita, ikarudi, hatukujua inakwenda kuangalia nini. Nyuma ya mulango kila nyumba ilikuwa na mufuko uliofungwa tayari: nguo, sufuria moja, chumvi. Watu hawakuuliza tena kabila ya mutu. Waliuliza, "Unatokea upande gani?" na walisikiliza ule kimya kabla ya jibu.

Mwaka ninaousema ulianza na miguu ya Kasereka. Alirudi magaribi moja, akaketi kwenye kitanda, akashindwa kuvua viatu. Tulikuwa na chumba kimoja pale Saio, mutaa wa Bunia, pazia katikati, upande huu kitanda, upande huu sufuria na beseni zangu za samaki. Nilimuvua mimi mwenyewe. Miguu ilikuwa imejaa kama mikate iliyolala ndani ya maji. Kesho yake muganga wa centre de santé aliweka kidole kwenye muguu, akakitoa, na shimo ikabaki, kama ukibonyeza bugali. Alisikiliza kifua muda murefu. "Papa," akasema, "moyo yako imekuwa kubwa." Kasereka akamujibu, "Si njo vizuri?" "Hapana, Papa. Hii sasa ni moyo ya kukaa. Ukienda kusukuma tena kwenye ule mulima, itasimama." Bwana yangu aliangalia mikono yake, akaangalia mulango, akasema, "Aksanti, muganga," kama mutu aliyepewa sahani ya mutu mwingine.

Akakaa. Mutu wa nguvu akikaa, nyumba inakuwa ndogo. Alikaa kwenye kiti kati ya pazia na mulango, alisikia kila kitu, alinisahihisha chumvi, moto, namna ya kupanga beseni. Alikunywa dawa zake, miguu ikashuka kidogo, macho haikupanda. Ngabu alikuya kila magaribi, akala kwetu, sombe na bugali, na walizungumuza njia kama watu wanaoulizana habari za ndugu muzee. "Pale kwenye kona ya mawe vipi?" "Mvua imeichimba tena." "Unapita kushoto?" "Kushoto." "Njo vile." Ngabu alijaribu kupanda na binamu yake, kijana wa nguvu. Barrière ya chini iliwakalisha kwenye jua mupaka samaki ikanuka, wakaimwaga wenyewe. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Siku ile alikula bila kucheka, na nilimusikia anamuambia Kasereka chini ya sauti, akimuita yaya, kaka mukubwa, akifikiri mimi niko kwenye moto sisikii: "Yaya, mimi peke yangu siko mutu huko njiani. Niko nusu." Kasereka akasema, "Na mimi hapa niko nini?"

Mimi nilitaka akae. Nilimuambia waziwazi, "Mutu wa kukaa iko hai." Aliniangalia bila hasira. "Mama Katungu," akasema, ni jina la mutoto wetu wa kwanza aliloniita nalo, "iko hai kwa nani?" Basi jambo mwaka ule lilikuwa moja tu: Kasereka atapanda tena au hatapanda. Akipanda kwa bega yake, muganga alishasema. Asipopanda, nilikuwa ninamuona kwa macho yangu mwenyewe anakauka kwenye kile kiti, na hakuna dawa ya kukauka.

Moteur zilikuya kwa njia mbili. Mutu mumoja wa magari meupe, muzungu, alikuwa na kinga ya umeme, akaanguka nayo kwenye mutaro, kadre, mifupa yake ya chuma, ikavunjika, akaiacha kwa Dieudo. Dieudo alikuwa kijana wa kutengeneza redio karibu na soko, mwenye panneau, vioo vya umeme wa jua, juu ya bati. Watu walimuletea simu kujaza courant, umeme. Moteur ya ile kinga ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma lenyewe, kubwa, nzito, kama sufuria ya kupikia maharagi. Ngabu aliona, akauliza inafanya nini, akarudi kwao, akaleta mbuzi wake, wakabadilishana. Alipoifikisha kwetu alikuwa anatoka jasho ya furaha. "Yaya," akasema, "nimekuletea bega." Waliivika kinga, wakaipakia mifuko ya muchanga, wakaijaribu kwenye kilima cha Mudzipela. Ilipanda, ilipanda, ikafika mahali pagumu ikanyamaza kama mutoto aliyeulizwa swali. Kumbe kilima cha Mudzipela si kitu mbele ya ule mulima. Kasereka alirudi kwenye kiti. Halafu binamu ya Kasereka, mufanyabiashara, wa Butembo, alipata kwenye maduka ya Kampala gurudumu la mbele lenye moteur yake, dogo, jepesi, katikati yake si kubwa kuliko kopo la maziwa. Hakuna mutu aliyejua kulitumia. Akalitoa kwetu bure.

Ninaikumbuka vizuri ile magaribi, mvua inapiga bati, Dieudo ameketi juu ya beseni yangu iliyogeuzwa, kinga imesimama kichwa chini kati ya kitanda na sufuria. Tulikula maharagi yenye harufu ya grisi. Dieudo alisema, "Bavieux, bazee yangu, hizi moteur si ndugu. Hii kubwa inakula batri ine. Hii ndogo inakula tatu tu. Kubwa inazunguka polepole na nguvu, ndogo inazunguka mbio na haina nguvu. Mukizipa chakula moja, sijui." Kasereka alicheka, na mimi nilisimama na mwiko mukononi, maana nilikuwa nimesahau ile sauti. "Kijana," akasema, "mimi na Ngabu tuko ndugu? Yeye anakula sawa ndege, mimi ninakula sawa batu batatu. Yeye iko mbio, mimi iko polepole. Na tulipanda miaka yote." Ngabu akapiga goti, "Sema, Muzee Kase!" "Nyepesi inakaa mbele, nzito inakaa nyuma. Njo kazi." Dieudo akainua mabega. "Kama munasema njo vile." Na kweli, nani angemukatalia? Yeye alijua waya, wao walijua mulima.

Nimefikiri sana juu ya ile neno, nikiwa sokoni, nikiwa kanisani hata. Ukisema wale wawili walikuwa wajinga, hapana. Walichukua kazi waliyoijua kuliko kila mutu hapa Bunia, wakaiweka ndani ya chuma jinsi ilivyo. Lakini Ngabu mbele hakuwa anavuta hata siku moja, alikuwa anaongoza. Na bega la mutu linasikia. Ngabu akiteleza, Kasereka alijua kwa pumzi yake kabla muguu haijafika chini, akapunguza. Kasereka akichoka, Ngabu alikata njia kwa kona, bila kuambiwa. Moteur haisikii pumzi ya mwenzake. Ukiipa courant inazunguka, basi. Hiyo hakuna mutu aliisema ndani ya kile chumba. Mimi pia sikuijua. Niliona tu bwana yangu anakula sahani ya pili.

Dieudo alifunga batri ine kwenye sanduku la mbao katikati ya kadre, na chini ya kiti tusanduku tuwili twa kugawa courant, kila moteur na kake. Tuwili tulisikiliza mukono moja tu wa kuzungusha, kama wa pikipiki. Jumapili, kisha ibada, waliitoa kwenye boulevard, barabara kubwa ya muji. Kasereka aliipanda mwenyewe. "Mama Katungu, panda." "Mimi?" "Weye si samaki? Panda, tuone kama inabeba." Nilipanda nyuma na kitambaa changu cha ibada. Ikaondoka bila makelele, na watu walipiga kelele kwa niaba yake. Wamama wenzangu wa soko walikuwa wanatoka kanisani, mumoja mwenye mudomo murefu akaita, "Ee Mama Katungu! Bwana amekuoa mara ya pili, na hii mara ametia umeme?" Sikucheka. Lakini nilishika mushipi wake kwa mikono mbili mupaka mwisho wa boulevard, na tuliporudi nilishika tena. Kwenye barabara ya sawa ilikwenda vizuri sana. Ningependa mutu aandike hiyo pia.

Tulingoja jua ijaze batri, maana mawingu ilikaa siku mingi. Siku ilipofika, nilisema ninakwenda nao. Nilisema ni kwa ajili ya kuchagua samaki, maana Kasereka akiwa na furaha hajui kubishana bei. Alijua si hiyo. Alivaa kofia yake ya njiani, akasema, "Twende, docteur." Tulishuka asubuhi, kinga tupu, yeye anashika fre, anaiongelesha. Kasenyi walimupokea kama mutu aliyefufuka. Wavuvi waliacha nyavu wakakuya kugusa magurudumu. Tulipakia kama kawaida ya watu wawili. Ninarudia kwa ajili ya wale vijana wa karata: kama kawaida. Ngabu mwenyewe ndiye aliyekataa kikapu kingine. "Leo ni ya kujifunza," akasema.

Walikuwa wamepanga hivi: Kasereka atatembea mbele, anashika usukani na ule mukono wa kuzungusha, hatakokota kitu, Ngabu atatia kiganja tu nyuma. Na mwanzo wa mulima ilikuwa kama walivyopanga. Kinga ilipanda yenyewe, na bwana yangu alitembea pembeni yake, amenyooka, pumzi ya kawaida. Wasukumaji wengine walisimama na mawe yao. Mumoja akaita, "Aah, batu ya Bunia sasa banatembeza kinga sawa muzungu na mbwa yake!" Ngabu akajibu, "Na weye unatembezwa na kinga yako!" Walicheka njia nzima. Niliwafuata nyuma na bidoni ya maji na beseni yangu, kisu cha samaki ndani, na nilisema ndani ya roho, Bwana, kama ni hivi, nitanyamaza juu ya mambo yote mengine.

Kisha kona ya mawe, njia ikasimama wima. Uzito wote ulikuwa nyuma, na gurudumu la mbele likawa jepesi, likaanza kukwaruza changarawe, kuzunguka bure, kurusha vumbi. Ngabu aliita, "Punguza, Yaya!" Kasereka akapunguza, basi na ile kubwa ya nyuma ikapunguza, maana mukono ulikuwa moja. Kinga ikaanza kurudi. Akazungusha kwa nguvu. Ile ndogo ililia kama chuma kwenye jiwe ya kunolea, harufu ya plastiki ikatujaa puani, halafu nilisikia kitu kinakatika: mti wake wa chuma wa katikati ulizunguka ndani ya ile miguu mbili ya chuma inayoshika gurudumu, ukazing'oa nyaya zake mwenyewe. Nyaya ziligusana. Chini ya kiti ikatoka cheche, na moshi, na tusanduku twa courant tukanyamaza tuwili pamoja. Ngabu alitia jiwe nyuma ya gurudumu. Tukasimama. Nzi zilikuwa zimeshafika kwenye majani.

Nilisema, "Tuache samaki hapa." Kasereka hakunigeukia. "Muzigo hairudi chini." "Sijasema irudi. Nimesema ikae." Hapo aliniangalia. "Kukaa," akasema, "nimeshakaa." Akavua kofia, akanipa, akakwenda nyuma. Ngabu akamuzuia na mukono, "Yaya, shika mbele. Mimi nitasukuma." "Weye utasukuma nini na ile mifupa? Mbele ni ya mwepesi. Enda kwenye kazi yako." Ngabu alinitazama mimi. Nilifunga bidoni na beseni juu ya vikapu, nikakaa pembeni ya Kasereka, nikaweka bega yangu kwenye kikapu kingine. Ndiyo jibu nililokuwa nalo.

Ile kinga haikuwa nzito kama muzigo. Muzigo tuliijua. Ilikuwa inakataa. Gurudumu la nyuma lilikuwa linakwenda kwa kukata-kata, linashika, linaachia, linashika, kama mbuzi anayevutwa sokoni. Ngabu alisimamisha, akaangalia fre, akaona haigusi, akaing'oa kabisa akaitupa. Ikawa vile vile. "Kuna kitu inatushika," akasema. Kasereka alikuwa ameegemea kikapu, midomo yake rangi ya majivu. "Moteur imekufa," akasema. "Kitu ikikufa inakuwa nzito. Hata mutu." Tukakubali. Ilikuwa neno ya kweli, kila mutu aliyebeba maiti anaijua. Tukaendelea hivyo. Jiwe, pumzi, bega. Jiwe, pumzi, bega. Wasukumaji waliotucheka walitupita, mumoja akatusaidia kona moja, akarudi kwa samaki yake. Nilisikia pumzi ya bwana yangu karibu na sikio langu, ilikuwa na maji ndani. Nilimuambia apumuzike. Alisema, "Kule juu."

Tulifika kule juu. Hiyo pia vijana hawaijui: alifika. Pale ambapo njia inalala na upepo wa Bunia unakukuta, aliketi juu ya jiwe, mikono kwenye magoti. Nilimupa bidoni. Aliishika, hakukunywa. Aliangalia vikapu. "Majani imekauka," akasema. "Mwagia samaki maji." Nilichukua bidoni, nikaenda kumwaga, kikapu cha kwanza, cha pili, nikainua majani vizuri ili maji ifike chini, jinsi alivyonifundisha. Nilipogeuka alikuwa ameegemea ubavu, macho wazi, kama mutu anayesikiliza mutu mwingine. Ngabu alikuwa ameshapiga magoti, anamupiga mashavu, anamuita kwa lugha yake mwenyewe, ile ambayo Kasereka hakuijua.

Nililia, halafu nikaacha, maana jua ilikuwa inakwenda na barrière ya upande wa Bunia inafungwa na giza. Tulikata kamba, tukashusha samaki yote pembeni ya njia. Wamama wa kijiji cha karibu walikuya na beseni, wakaona, wakasimama mbali. Ngabu aliwaambia wachukue. Tulimuweka Kasereka juu ya kinga, kifua kwenye usukani, tukamufunga na kamba za vikapu na kitambaa changu. Tukasukuma. Gurudumu likashika. Bila samaki, bila mulima, kwenye njia ya sawa, likashika vile vile, na mwili ukatingishika kila mara lilipokata. Ngabu hakuweza kuvumilia ile kutingishika. Tulimushusha tena, tukamulaza kwenye majani. "Hii kitu siwezi kuiacha imubebe," Ngabu akasema. "Nitaing'oa." Aliomba kisu changu cha samaki. Kutoka kwenye ile moteur kubwa kulikuwa na nyaya tatu nene, za manjano, kijani na buluu, zinapanda mupaka kwenye kasanduku kalikoungua. Akazishika kwa pamoja, akazikata kama mutu anayechinja.

Kinga ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la nyuma juu. Mukono wake uligonga tairi wakati anatoa kisu. Gurudumu likazunguka. Likazunguka bila sauti, bila kushika mahali popote, likaendelea, na siye wawili tulikaa tunaliangalia. Ngabu alilisimamisha na kiganja. Akalisukuma tena na kidole kimoja, polepole. Likazunguka. Moteur haikuwa imekufa. Ile kasanduku iliyoungua, nyaya zimegusana ndani yake, ndiyo ilikuwa inaishika kupitia zile nyaya, njia yote, kutoka kwenye kona ya mawe. Kisu kilikuwa ndani ya beseni yangu. Kilikuwa pale njia yote.

Hakulia pale. Alisema kwa sauti ya kawaida sana, "Shemeji, batoto uwaambie ni moyo." Akanirudishia kisu. "Kufa ya moyo, mutu anaweza kuikubali. Kufa ya nyaya tatu, nani ataikubali? Batakaa wanazikata kila siku kwenye kichwa yao. Batu waseme mimi nilipakia mingi. Baseme. Weye sema ni moyo." Na nilisema ni moyo, na watu walisema alipakia mingi, na alivumilia miaka yote ile, kwenye soko, kwenye matanga ya wengine, mupaka na yake mwenyewe. Watoto wangu sasa ni watu wazima, wana nyaya zao wenyewe za kukata. Wanaweza kusoma.

Tulimufunga tena Kasereka. Kwenye ile barrière, askari mwenye kumujua Kasereka alikuya na taa, akaangalia uso, akashusha kamba yeye mwenyewe, asiulize Ngabu anatokea upande gani. Kutoka pale mupaka Bunia njia inapanda na kushuka, hata mutu asiye na muzigo anachoka. Ngabu aliongoza. Mimi nilikuwa nyuma, na gurudumu halikushika tena. Nilisukuma kwa mukono moja.